Kompyuta Kuukuu ya Ggaba na Amri Itokayo Ng'ambo

Tarehe 14 Oktoba, 2025, kampuni ya Microsoft ya Marekani ilikomesha utoaji wa kawaida wa marekebisho ya usalama kwa mfumo wake uitwao Windows 10, mfumo uliokuwa ukitumika duniani tangu mwaka 2015. Siku hiyo hapakulia king'ora mahali popote. Kompyuta zilizozimwa usiku zikiwa nzima ziliwashwa asubuhi zikiwa nzima. Hata hivyo, tangu siku hiyo, kila ufa mpya unaogunduliwa katika ukuta wa mfumo huo huachwa wazi, isipokuwa kwa mashine za wale waliojiandikisha katika mpango wa muda wa ziada, ambao nao umewekewa mwisho wake.

Mfumo uliokusudiwa kuurithi, yaani Windows 11, haukubali kuingia katika kila mashine. Unadai prosesa ambayo kwa kawaida si ya kabla ya mwaka 2017, kumbukumbu ya kazi isiyopungua gigabaiti 4, nafasi ya diski isiyopungua gigabaiti 64, na juu ya hayo kijichipu cha usalama cha namna ya TPM, toleo la 2.0. Kompyuta isiyotimiza masharti hayo, hata kama kioo chake kinang'aa na kibodi yake haijapungua herufi moja, imekwisha hukumiwa. Kwa hiyo swali tunalotaka kulijadili leo na wasomaji wetu walio katika jeshi na polisi ni hili: ni nani mwenye haki ya kutamka kwamba kompyuta ya askari imekufa? Je, ni yeye aliyeinunua kwa mshahara wake, au ni muuzaji aliye ng'ambo ya bahari?

Swali hilo tulikutana nalo Ggaba. Wenye kuijua Kampala wanaifahamu barabara iendayo huko. Huanzia upande wa Nsambya, yalipo makazi ya polisi, ikapita Kabalagala, Kansanga na Bunga, kisha ikateremka hadi ufukweni mwa Ziwa Viktoria, ambalo Waganda huliita Nalubaale. Hapo pana soko, pana mitumbwi, pana samaki wa kukaanga, na pana mitambo inayovuta maji ya ziwa na kuyasafisha kwa ajili ya jiji. Pembeni mwa shughuli hizo zote pana vibanda vya mafundi wa simu, na katika kimojawapo tulimkuta koplo wa polisi aliyevaa kiraia, kompyuta mpakato ikiwa chini ya kwapa lake kama mtu aliyebeba kuku wa kuchinjwa.

Kompyuta yenyewe ilikuwa Dell Latitude E6410, aina iliyotoka mwaka 2010. Koplo aliinunua mjini ikiwa imekwisha tumika. Ndani yake mlikuwa na Windows 10 iliyowekwa na muuzaji bila leseni wala hati yoyote. Tangu kubonyezwa mpaka kuwa tayari kwa kazi, mtu aliweza kuchemsha chai na kuinywa. Binti yake, mwanafunzi wa chuo, alikuwa na ripoti ya kuandika. Duka moja la mjini lilikuwa limemshauri anunue mpya, na kompyuta mpya ya kawaida mjini Kampala haipatikani chini ya shilingi milioni moja. Koplo alikuwa amekwisha chukua fomu ya mkopo.

Hapa ndipo penye uzito wa jambo hili. Wasomaji wetu hawahitaji kuelezwa namna mkopo wa askari unavyolipwa. Uwe umetoka Wazalendo, chama cha akiba na mikopo cha jeshi, au Exodus cha polisi, au benki, makato hufanyika kabla mshahara haujaugusa mkono. Mkopo wa kununua kiwanja au wa kulipa ada una mavuno yanayoonekana. Mkopo wa kununua kitu ambacho huenda tayari mtu anacho nyumbani, huo yafaa uchunguzwe kabla ya kutiwa saini. Koplo alikuja Ggaba kwa uchunguzi huo, baada ya kusikia kutoka kwa mwenzake wa zamu kwamba yupo kijana anayefufua kompyuta.

Kijana mwenyewe aliifungua mashine mbele yetu, akaitazama, akasema: «Afande, mashine hii haina ugonjwa. Imebebeshwa mzigo usiokuwa wake.»

Maneno hayo yanahitaji ufafanuzi. Mfumo endeshi wa kompyuta ni programu ile inayozitawala programu nyingine zote. Askari ataielewa upesi akiifikiria kama kota masta wa kikosi: yeye ndiye agawaye kumbukumbu, diski, kioo na mtandao kwa kila anayehitaji, na bila yeye hakuna anayepata kitu. Kota masta mwenye kazi ndogo huhitaji meza moja na karani mmoja. Akiletewa makarani 40, madaftari ya nakala tatu tatu, na wajumbe wa kupeleka habari makao makuu kila dakika, ghala lile lile dogo litajaa watu wa ofisi hata pasipatikane pa kuweka magunia. Ndivyo ilivyokuwa kwa mashine ya koplo. Ilikuwa na kumbukumbu ya gigabaiti 2, ambazo mafundi huziita ramu, na karibu zote zilimezwa na mfumo wenyewe kabla binti hajafungua hata ukurasa mmoja.

Dawa iliyotumika Ggaba ina historia ndefu kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1983 Mmarekani Richard Stallman alitangaza mradi wa kutengeneza mfumo ambao kila mtu angeruhusiwa kuutumia, kuuchungulia ndani, kuurekebisha na kuugawa kwa wengine. Mwaka 1991 kijana wa Finland, Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, akaandika kiini cha mfumo kilichopewa jina la Linux. Mikondo hiyo miwili ilipokutana, ukapatikana mfumo kamili usio na mwenyewe mmoja. Maelfu ya wataalamu duniani huuhudumia, wengine kwa mshahara wa makampuni makubwa, wengine kwa mapenzi yao.

Waingereza wana tabu katika kulieleza jambo hili, kwa kuwa lugha yao hutumia neno moja kwa uhuru na kwa kitu kisicholipiwa. Kiswahili hakina tabu hiyo. Sisi tunayo «huru», na tunayo «bure». Programu ya Windows iliyoibwa ni bure, lakini si huru. Programu huria ni huru, na mara nyingi ni bure pia, ila ubure wake ni jambo la pili. Lililo la kwanza ni kwamba aliyeitengeneza hana uwezo wa kuifuta kwa tangazo. Akichoka, mwingine huipokea.

Yapo matoleo mamia ya mfumo huo. Linalojulikana zaidi katika bara letu lilianzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini mwaka 2004, naye akaliita Ubuntu. Mtu wa Ggaba hahitaji kamusi kulielewa neno hilo, maana Waganda husema «obuntu», nasi twasema «utu». Kati ya mwaka 2005 na 2011 waanzilishi wake walikuwa wakituma santuri za mfumo huo kwa posta, bila malipo, kwa yeyote aliyeomba. Ubuntu wa kawaida umenenepa tangu siku zile, kwa hiyo kwa mashine kuukuu huchaguliwa ndugu zake wembamba: Lubuntu, Xubuntu, Linux Mint ya sura ya Xfce, na kwa mashine dhaifu kabisa antiX au Puppy. antiX huweza kuamka ikiwa imetumia kumbukumbu ya megabaiti mia chache tu.

Wala jambo hili si geni kwetu Afrika Mashariki. Katika miaka ya mwanzo ya 2000 Chuo Kikuu cha Mashahidi wa Uganda, Nkozi, kilianza kuzihamisha kompyuta zake kwenye programu huria, na walioongoza kazi hiyo waliandika habari zake ili wengine wajifunze. Mwezi Desemba 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa ushirikiano na wataalamu wa Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Kazi hiyo iliwezekana kwa sababu programu asili ilikuwa wazi. Hawakungoja idhini ya mtu yeyote ili waandike «Hifadhi» na «Chapisha» mahali palipokuwa na Kiingereza.

Basi turudi kibandani. Kijana hakuanza na programu. Alianza na brashi. Feni ya mashine ilikuwa imeziba kwa vumbi na kwa mabaki ya wale wadudu wadogo wa ziwani ambao jioni hufuata taa kwa maelfu, na prosesa isiyopata hewa hujipunguzia mwendo ili isiungue. Hilo ni kosa ambalo hakuna mfumo unaoweza kulitibu. Kisha alibadilisha betri ndogo ya duara, iliyo kama kifungo cha shati, inayotunza saa ya mashine. Koplo alikuwa akilalamika kwamba kurasa nyingi za intaneti zilikataa kufunguka na kutoa onyo la hatari. Sababu ilikuwa kwamba kila ikizimwa mashine ilirudi kuamini kuwa ni mwaka wa zamani, na hati za usalama za kurasa hizo hukaguliwa kwa tarehe. Hati halali ikionekana ya wakati ambao haujafika, mlango hufungwa. Kwa betri ya bei ya sahani ya chipsi, nusu ya malalamiko ikaisha.

Baada ya hapo aliongeza kumbukumbu ikawa gigabaiti 4, kwa kipande kilichotolewa katika mashine nyingine iliyovunjika kioo, akatoa diski ya zamani yenye sahani inayozunguka na kuweka ya aina ya SSD isiyokuwa na kitu kinachozunguka. Twapenda kusisitiza jambo hili, kwa sababu wengi huusifu mfumo mpya kwa sifa ambazo nusu yake ni za diski. Ikiwa askari ana fedha ya kununua kitu kimoja tu kwa ajili ya kompyuta yake ya zamani, na anunue diski hiyo.

Mfumo wenyewe, Lubuntu, ulikuwa katika flashi ya gigabaiti 8. Kijana aliupakua kutoka kwa watengenezaji wenyewe, jumla yake ikiwa kiasi cha gigabaiti 3, akalinganisha alama za uhakiki zilizotangazwa na zile za faili alilolipata, ili ajue kwamba halikuharibika wala kuchezewa njiani. Hatua hiyo watu wengi huiruka. Askari asiiruke, kwa maana ni sawa na kukagua kitambulisho getini. Kisha alibonyeza F12 mashine ilipoamka, akachagua flashi, na Lubuntu ikafunguka juu ya kioo bila kugusa diski hata kidogo. Hiyo ndiyo hali ya majaribio. Mtu aweza kuutumia mfumo siku nzima kutoka kwenye flashi, akaona kama sauti inatoka, kama kioo kina mwanga sawa, kama kamera inaona, na asiporidhika huchomoa flashi na kila kitu kikabaki kama kilivyokuwa.

Katika majaribio hayo waifai haikufanya kazi. Koplo alitutazama kwa jicho la mtu aliyekwisha kuonywa. Kijana hakushtuka. Kadi ya waifai ya mashine ile ilikuwa ya kampuni ya Broadcom, na baadhi ya kadi zake huhitaji programu ya ziada isiyokuja pamoja na mfumo. Aliunganisha simu yake kwa waya, akavuta intaneti kwa njia ya simu, akaipata programu hiyo, na dakika chache baadaye waifai ikaitika. Tunalisimulia hili kwa makusudi. Asiye na mtu wa kumwuliza angeishia hapo, angerudi nyumbani akisema kwamba programu huria ni upuuzi, na kwa upande wake angekuwa amesema kweli.

Diski ya zamani ilitolewa ikiwa na picha, vyeti na nyaraka za koplo. Kijana alizinakili zote katika diski ya nje, akamwomba mwenyewe azikague moja moja kabla ya kuendelea. Ndipo akausakinisha mfumo mpya, na ulipouliza kama diski isimbwe kwa neno la siri, akakubali. Mashine iliwaka kwa muda usiofika dakika moja.

Je, jambo linalomfaa koplo mmoja laweza kulifaa jeshi? Wapo walioujibu uzoefu huo kwa vitendo. Gendarmerie ya Ufaransa, ambayo ni kikosi cha kijeshi chenye kazi za polisi, ilianza mwaka 2005 kwa kuacha programu za ofisi za kulipia na kuchukua OpenOffice. Mwaka 2008 iliamua kuuhama mfumo wa Windows wenyewe. Hoja yao ilikuwa ya kiaskari kabisa: waliona kwamba hata kuhamia toleo lililofuata la Windows kungedai askari wafundishwe upya, na ikiwa ni lazima kufundisha, bora kufundisha kitu kitakachobaki mikononi mwao. Walijitengenezea toleo lao la Ubuntu, wakaliita GendBuntu. Mwaka 2013 kompyuta 37,000 zilikuwa zimekwisha hamishwa, na mwaka 2018 zilikuwa zimezidi asilimia 80 ya zote. India nayo, mwezi Agosti 2023, ilitangaza kwamba Wizara yake ya Ulinzi itaweka katika kompyuta zake zilizounganishwa na intaneti mfumo uitwao Maya, uliojengwa juu ya Ubuntu.

Lakini si haki kutaja ushindi na kuficha kurudi nyuma. Jiji la Munich, Ujerumani, lilianza safari kama hiyo katika miaka ya mwanzo ya 2000, na kufikia mwaka 2013 kompyuta karibu 15,000 za ofisi zake zilikuwa zikitumia Linux. Mwaka 2017 baraza la jiji likapiga kura ya kurudi kwenye Windows. Zilikuwapo lawama za nyaraka zisizofunguka sawasawa zilipotoka kwa ofisi nyingine, na siasa za baraza nazo zilikuwapo. Twaona tofauti moja kubwa kati ya Munich na Gendarmerie. Gendarmerie ilibadilisha kwanza programu za juu, watu wakazizoea kwa miaka mitatu, ndipo ikabadilisha msingi uliokuwa chini yao. Askari wengi hawakuona tofauti kubwa siku msingi ulipobadilishwa.

Tukifika hapo, hapana budi tuseme neno kali kidogo. Yote tuliyoyaeleza yahusu kompyuta ya askari mwenyewe. Kompyuta ya kituo, ya kikosi au ya wizara si yake, hata kama yeye ndiye aitumiaye peke yake kwa miaka 10. Kuifungua, kuibadilishia mfumo au kuipeleka kwa fundi wa Ggaba, hata kwa nia njema kabisa, ni kosa la nidhamu, na kwa Uganda ipo sheria ya matumizi mabaya ya kompyuta ya mwaka 2011 inayogusa kuingilia mitambo bila idhini. Akiona mashine ya ofisi imechoka, na aandike kwa mkuu wake. Gendarmerie haikuanza kwa koplo mmoja kuchomeka flashi usiku.

Halafu lipo suala la ile diski ya zamani. Mara mashine mpya inapowaka, diski iliyotolewa husahauliwa juu ya meza ya fundi, na hapo ndipo hatari inapokaa. Mwezi Aprili 2006 magazeti ya Marekani yaliandika kwamba katika soko la nje ya kambi ya Bagram, Afghanistan, flashi zilizoibwa kambini zilikuwa zikiuzwa hadharani zikiwa na nyaraka za siri za jeshi. Wauzaji hawakuwa majasusi. Kwao hiyo ilikuwa bidhaa kama sabuni. Kufuta faili hakuliondoi katika diski, bali huondoa tu jina lake kwenye orodha, na mwenye programu ifaayo hulirudisha kwa saa moja. Askari aliyewahi kuweka picha za wenzake kambini, orodha ya zamu, au taarifa ya mashahidi katika kompyuta yake binafsi, jambo ambalo hakupaswa kulifanya, asiiache diski hiyo kwa mtu. Na aifute kwa programu inayoandika juu ya diski nzima, au aivunje sahani zake kwa nyundo. Koplo wetu alikwenda nayo nyumbani mfukoni.

Wapo watakaotuuliza: kwa nini asiendelee na Windows 10 ile ile, maadamu yafungua? Jibu la kwanza lilitolewa mwezi Mei 2017, virusi vilivyoitwa WannaCry viliposhambulia kompyuta katika nchi zaidi ya 100 kwa siku chache. Hospitali za Uingereza ziliahirisha matibabu na kugeuza magari ya wagonjwa. Marekebisho ya kuuziba ufa uliotumiwa yalikuwa yametolewa mwezi Machi mwaka huo huo. Waliopigwa ni wale ambao hawakuyapokea. Mashine isiyopokea marekebisho leo inangoja tu siku yake, na kibaya zaidi, hutumiwa kuwapiga wengine bila mwenyewe kujua.

Jibu la pili lawahusu zaidi polisi. Windows nyingi zilizomo katika kompyuta kuukuu za mjini hazina leseni, na programu zinazozifungua kwa hila hupatikana kwa watu wasiojulikana, mara nyingi zikiwa zimebeba virusi ndani yake. Uganda ina sheria ya hakimiliki tangu mwaka 2006. Ni jambo la ajabu kidogo kumwona askari akichapa mashtaka ya mwizi wa simu kwa programu iliyoibwa. Hatusemi hivi kwa kumlaumu mtu; mara nyingi mnunuzi hakuulizwa wala hakuelezwa.

Serikali ya Uganda nayo iliwahi kujaribu njia nyingine. Katika bajeti ya mwaka 2009 ilitangaza marufuku ya kuingiza nchini kompyuta, televisheni na friji zilizokwisha tumika, ikihofia nchi kugeuzwa jaa la takataka za matajiri. Baadaye marufuku hiyo ilikuja kulegezwa kwa upande wa kompyuta, kwa kuwa wanafunzi na wenye kipato kidogo hawakuwa na njia nyingine ya kuzipata. Hofu ile haikuwa ya bure. Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za takataka za umeme, na isiyofika robo yake ndiyo iliyojulikana kukusanywa na kuchakatwa ipasavyo. Na kila tangazo kama lile la Oktoba 2025 huongeza lundo hilo, kisha sehemu yake husafirishwa kuja kwetu kwa jina la msaada au la biashara. Kufufua kompyuta iliyomo nchini ni jambo jema. Kuingiza makontena ya kompyuta mfu kwa kisingizio kwamba Linux itazifufua ni jambo jingine, na maofisa wa forodha wasichanganye mambo hayo mawili.

Mipaka ya dawa hii nayo ijulikane. Mfumo mwepesi hauufanyi mtandao kuwa mwepesi. Ukurasa mmoja wa video waweza kumeza kumbukumbu nyingi kuliko mfumo wote uliouweka, hivyo mwenye gigabaiti 2 ataendelea kufungua kurasa moja moja kama anayehesabu risasi. Nyaraka za Word hufunguka katika LibreOffice, lakini jedwali lenye mapambo mengi laweza kuhama mahali pake, na inafaa ripoti itolewe kwa PDF kabla ya kupelekwa kwa mwalimu au kwa mkuu. Baadhi ya printa hukataa. Betri ya umri wa miaka 15 haitashika chaji kwa kubadilishiwa programu, na umeme ukikatika Ggaba mashine ya koplo huzima papo hapo. Kompyuta za zamani zaidi, zile za biti 32, mlango wao unafungwa hata huku kwa watu wa programu huria: Debian, toleo la 13 lililotoka Agosti 2025, halisakinishwi tena katika mashine hizo, ingawa toleo la 12 litaendelea kupata marekebisho ya usalama hadi mwaka 2028. Kwa hiyo hata huku kuna kustaafu, ila kustaafu huku hutangazwa mapema, sababu zake huelezwa hadharani, na anayetaka kuendelea hazuiwi.

Juma la pili tulipita tena Ggaba tukamkuta koplo pale pale. Safari hii hakuleta malalamiko ya mwendo. Binti alikuwa ameandika kurasa 30, lakini alikuwa amelisahau neno la siri la diski, lile lililowekwa siku ya kusakinisha, na diski iliyosimbwa haina mlango wa nyuma. Kijana alimweleza hivyo bila kumficha. Koplo alipiga simu nyumbani, akazungumza kwa muda, kisha akauliza kama neno hilo lilikuwa na herufi kubwa mwanzoni. Lilikuwa nayo. Kurasa 30 zikafunguka. Aliliandika katika karatasi, akaikunja mara nne, akaitia ndani ya kitambulisho chake cha kazi, nasi hatukuona vema kumwambia papo hapo kwamba hapo si mahali pake. Fomu ya mkopo, alisema, bado anayo. Ameiweka kwa ajili ya mabati.